Mnyororo Aliopima Tonton Nassoro

Tonton Nassoro, mdogo wake papa yangu mzazi, alikuwa fundi wa bandari hapa Kisangani, na alijua kwamba anajua. Sitampamba: kiburi alikuwa nacho.

Mwaka 1954 walimpa kazi ya ponto ya ng'ambo, lile jukwaa la chuma linaloelea, abiria wanaposhukia toka mashuani. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mmoja mrefu, basi mkondo uliizungusha ovyo mpaka ikavunja mitego ya samaki ya Wagenia, wavuvi wa mto huu. Tonton alizamisha nanga mbili upande wa juu wa mto, moja huku, moja kule, akafupisha minyororo. Ponto ikatulia, haikusogea hata hatua tatu. Marthe, Mgenia aliyeuza samaki pale, akamwuliza, "Tonton, sasa maji iko chini. Ikipanda?" Wagenia hulegeza kamba zao kila mto unapojaa, na tonton alilijua hilo. Akamjibu, "Mama, uza samaki yako."

Mwezi wa kumi na moja mto ulijaa haraka. Minyororo haikuwa na urefu wa kupanda nao, ikavuta pua ya ponto chini ya maji. Mlinzi wa ponto alikuwa papa yangu, Asumani. Alikwenda mbele na nyundo kuifungua minyororo, ponto ikazama naye. Tulimpata siku ya tatu.

Ofisi ya bandari ikaandika kwamba mlinzi alikuwa amelewa. Papa, mtu wa swala tano. Mama yangu, Nyota, alililia neno hilo kuliko alivyoililia maiti. "Bwana yangu hakunywa," alimwambia kila aliyeingia. Watu waliitikia, wakifika nje wananong'ona. Naona haya kusema, lakini hata mimi nilianza kujiuliza.

Jioni ya maziko tonton alisimama katikati ya waliokuja kutupa pole. "Asumani hakulewa," alisema. "Munyororo nilipima mimi, maji ikiwa chini. Mama Marthe aliniuliza, nikamudharau. Bon, nimetoka ofisini sasa hivi. Nimewaambia waandike upya."

Wakaandika upya, na kazini wakamfukuza.

Mama hakumtazama. Siku zote za matanga tonton alikaa barazani peke yake, wala hakuna aliyemwita ndani. Siku ya arobaini mama mwenyewe alimtolea sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, akaiweka mbele yake.

"Jina ya bwana yangu umeirudisha," alisema. "Yeye hukumurudisha. Sijakusamehe, shemeji. Kula."

Tonton akala, huku analia.