Maziwa ya Kusafisha Kifua

Saa nne ya asubuhi ikifika, Wainaina hutoka ofisini na kreti ya maziwa na kuwagawia wafanyakazi wake pakiti moja moja. "Kunyweni, msafishe kifua," husema, na ukimsikia utadhani alisomea udaktari. Karakana yake iko mtaa wa Kabiro, nyuma ya nyumba zake za kukodisha. Humo nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani huingizwa kwenye mashine na kutoka yakiwa pamba ya kujazia magodoro na makochi. Vumbi limejaa kama moshi wa jikoni, na maski hakuna. Ukimwuliza habari ya maski, Wainaina anashangaa kwa moyo mweupe kabisa. Kwani si anawapa maziwa?

Ndinda ameihudumia mashine hiyo miaka sita. Alitoka kwao Mwingi akiwa na mtoto mchanga mgongoni, akapanga chumba Kibera, upande wa Ayany, na tangu hapo huenda Kabiro kwa miguu na kurudi jioni nyusi zikiwa nyeupe. Maziwa yake hakuwa akiyanywa. Aliyafunga kwenye leso, akayasukuma ndani kabisa ya mkoba, yakaenda nyumbani kwa binti yake Mutanu. Mtoto akanawiri, miguu ikanyooka, majirani wakamsifu Ndinda kwamba anajua kulea. Yeye alicheka tu, kisha akakohoa.

Tusiulize habari ya likizo. Sheria ya Kenya inampa mfanyakazi siku zake za kupumzika kila mwaka, na akiugua inataka alipwe, lakini Ndinda ni kibarua, na kibarua huandikwa upya kila asubuhi hata akizeekea palepale. Walipumzika Jumapili tu. Sasa ajabu ni kwamba Jumatatu, wakilirudia vumbi, ndiyo iliyowatesa: kifua kilibana, pumzi ikakataa kushuka, mpaka katikati ya wiki mwili ukazoea tena. Wainaina aliwacheka. "Mnaona? Hiyo off ndiyo inawaletea ugonjwa." Na wao, Mungu awahurumie, wakamwamini. Kuna waliokuja kazini Jumapili kwa hiari yao, na jambo hilo hunipandisha hasira kila nikilikumbuka.

Aliyemfungua Ndinda macho ni binamu yake Kasiva, anayefua shuka za hoteli huko Doha. Kasiva si mtu wa kupamba mambo. Jioni moja kwenye simu alimweleza kwamba joto la huko ni la kuua, kwamba pasipoti yake ilikaa kwa mwajiri mwaka mzima, na kwamba kuja nyumbani ni baada ya miaka miwili.

"Lakini ukigonjeka uko na kadi," alisema. "Unaenda hosi, unatibiwa, unarudi kazi. Na kuna rafiki yangu alienda Ujerumani. Ananiambia huko ukiwa mgonjwa unalala kwako na mshahara inaingia tu."

"Acha uongo!"

"Haki ya Mungu. Hata mimi nilikataa kuamini."

Ndinda akataka kujua jambo moja. "Na huko kwenu mnapewa maziwa?"

"Maziwa ya nini?"

"Ya vumbi. Ya kusafisha kifua."

"Ndinda, sisi tunapewa maski."

Nafasi ya kazi ilipotokea hotelini huko, Kasiva alimpigia yeye kwanza. Ajenti wa kazi za nje akamkubali, pasipoti ikatoka, na mama yake aliye Mwingi akakubali kukaa na Mutanu. Kilichobaki ni kupimwa, kwa sababu hakuna anayepanda ndege bila kupigwa picha ya kifua. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kutaka kujua kifua cha Ndinda kikoje. Nchi ya watu ndiyo ya kwanza kuuliza, tena si kwa mapenzi.

Woga ukamwingia. Kikohozi chake alikijua, na alijua pia kwamba dawa yake amekuwa akimpa mtoto miaka yote hiyo. Basi wiki ile ya mwisho kabla ya kupimwa akaanza kunywa maziwa yake mwenyewe, kila siku, amesimama kando ya mashine, akiyameza kwa pupa. Jioni Mutanu alimngoja mlangoni na kikombe.

"Mum, ya leo iko wapi?"

"Hakuna. Wainaina hajaleta."

Mutanu alirudisha kikombe kwenye kabati. Ndinda alijichukia, lakini kesho yake akanywa tena.

Huko kliniki, mhudumu aliyeshika ile picha alikuwa mwanamke wa rika lake. Aliitazama, akamtazama Ndinda.

"Mum, hujapita. Mapafu yako iko na makovu. Hawawezi kukuchukua hivi. Unafanya kazi gani?"

Ndinda alimweleza. Kisha, huku machozi yakimtoka, akaungama. "Ni makosa yangu. Maziwa nilikuwa napea mtoto. Nimeanza kunywa juzi tu."

Mwanamke yule aliiweka picha chini. "Maziwa inaenda tumbo, mum. Haifiki kwa mapafu. Hata ungekunywa hiyo miaka yote." Akamwambia akaanze matibabu, na aachane na vumbi. Ndinda aliitikia kwa kichwa. Aachane nalo aende wapi?

Jumatatu alikuwa kwenye mashine, kifua kimebana. Wainaina akapita na kreti. "Kunywa, Mama Mutanu. Kikohozi imezidi."

"Hii ni ya mtoto," alisema Ndinda, akaitia mkobani mbele ya macho yake.

"Shauri yako. Usije kusema sikukusaidia."

Jioni alimmiminia Mutanu kikombe kikajaa. Mtoto akanywa nusu, akafuta mdomo, akamsukumia mama yake nusu iliyobaki. Nyumba ni chumba kimoja, na mazungumzo yote ya simu alikuwa ameyasikia.

"Hii ni yako, mum. Ndio usafishe kifua."

Ndinda alikishika kikombe kwa mikono miwili. Maneno ya kliniki yalimfika mpaka kooni, akayameza. Akayanywa na maziwa, yote, mpaka chini.

"Imesaidia?" Mutanu aliuliza.

"Imesaidia," alisema Ndinda, akageuka upande wa ukuta ili akohoe.