Perege Hamezi Wanawe

Sadock aliteremka kutoka milima ya Same akiwa na cheti cha darasa la saba na haya iliyomkalisha nyuma katika kila mkutano. Kwa miaka thelathini amevua katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mpaka asubuhi ile mvuvi mwenzake Paschal na vijana wake walipovuta kokoro, wavu wa macho madogo unaokokotwa hadi ufukweni, kwenye maji mafupi.

Hapo ndipo madume ya perege huchimba viota kwa midomo, viduara kama sahani mchangani. Jike akishataga huyazoa mayai kinywani, na vifaranga huanguliwa humo humo. Siku zote hizo hali kitu, mwili unakonda, kinabaki kichwa. Sadock aliyajua hayo kwa kuinama mtumbwini na kutazama. Kila jike mwenye taya lililovimba alimrudisha majini, na wenzake wakamcheka.

Kokoro lilipofika nchi kavu, majike yalitema vifaranga mchangani, vikarukaruka.

"Ona wachawi hawa!" Paschal akacheka. "Wamekula watoto wao, sasa wanatapika. Na sisi tuwale wao, Mzee Sadock!"

Maneno hayo yalisemwa bwawani tangu zamani, na Sadock aliyanyamazia. Leo yalimchoma. Alinyakua beseni la Yudith, mchuuzi wa samaki aliyekuja kununua kutoka Same mjini, akachota maji, akatia jike mmoja na vifaranga vyake.

"Mzee wangu, beseni langu hilo!"

"Ngoja, mama. Msipige kelele."

Jike alihema, akatulia. Kifaranga kimoja kikamsogelea mdomoni, kikaingia. Cha pili. Kisha vyote kwa mkupuo, naye akafumba mdomo.

"Huyo anakula?" Sadock alifoka. "Anashinda na njaa kwa ajili yao, wewe unamwita mchawi! Unabomoa viota, unaua mama na wana, kesho unalalamika bwawa halina samaki!"

"Sasa mimi nile nini?"

"Kavue kilindini kama wenzako! Nyavu za macho makubwa unazo, uvivu tu!"

Paschal akamgeukia Yudith. "Dada, chagua samaki wako."

Yudith hakubandua macho kwenye beseni. "Hawa sibebi. Ukitoka kilindini nipigie simu."

Paschal akakunja kokoro huku akisonya. Sadock aliingia majini hadi magotini, akaliinamisha beseni taratibu.

"Miaka yote hii mnamsingizia," alisema bila kugeuka, "na mimi nimekaa kimya kama mjinga!"