Mama mkwe anataka kuomba radhi kwa vitunguu vyangu vya maua

Habari zenu, na wewe admin naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Malolo, wilaya ya Kilosa, nimeolewa na nina watoto watatu. Nimesoma visa vya wenzangu humu, vya kufumaniwa na kudhulumiwa, nikaona changu mtakicheka. Ni cha vitunguu. Lakini nimekaa na aibu yake zaidi ya miaka thelathini, na sasa Jumapili ikikaribia imenifika shingoni.

Zamani zile za ruksa, vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, nilikuwa mfanya usafi kwenye nyumba ya wageni Mikumi. Mama mmoja wa Kizungu aliyeisimamia alipanda vitunguu vya maua mbele ya baraza. Ni vitunguu kweli, ukivunja jani unasikia harufu, ila chini hakuna cha kula. Sifa yake ni ua la zambarau, duara, kubwa kama ngumi. Jamani nilivipenda! Alipoondoka aliniachia vichache, na nilipoolewa huku Malolo nikaja navyo, nikavipanda kando ya bafu.

Huku kwetu maisha ni kitunguu na maji ya mfereji kwa zamu. Mama mkwe wangu ndiye aliyetunza mbegu za mtaa mzima. Kila msimu aliacha vitunguu vyake bora vichanue, akakausha vichwa kivulini, akapukuchua, akahifadhi mbegu kwenye chupa zenye majivu, kisha wenzake wakaja kuchukua. Walimwita Mama Mbegu, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Siku moja alinikuta namwagilia. "Shikamoo mama." "Marahaba. Hivi ni vitu gani, mwanangu?" Wiki ileile nilikuwa nimemsikia akimcheka bibi harusi wa jirani: "Anapanda maua, watoto watakula maua?" Nikaona haya, mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Ni mbegu mpya mama, ya Wazungu. Inatoa vitunguu vikubwa sana." Akainama, akanusa jani, akashika lile ua, akafurahi mno. Ningesema ni maua angenicheka siku mbili, yakaisha.

Mimba yangu ya kwanza ilipokomaa nilirudi kwa mama yangu Kilosa mjini kujifungua, kama ilivyo desturi. Nilipokuja na mtoto mgongoni nikakuta vichwa vyote vya maua vimekatwa. Mama mkwe alikuwa ameshakausha mbegu, ameshawagawia wanawake saba, na kwa jinsi alivyoniamini, mwaka huo hakuacha kitunguu chake hata kimoja kichanue. Kwenye vitalu miche ilikuwa imeota myembamba kama nyasi. "Mbegu yako haina haraka," aliniambia huku akimpokea mjukuu wake. "Ya Wazungu, inaanza taratibu."

Hapo ndipo nilipokosa utu. Muda wa kusia upya ulikuwepo, na mbegu za kawaida zilikuwa zinapatikana vijiji vya jirani. Nikanyamaza, nikajiambia labda vitakua. Labda gani? Nilijua.

Wakapandikiza. Wakamwagilia kwa zamu zao, wakapalilia, na siku ya kung'oa wakatoa vitunguu vyembamba kama njiti ya kiberiti. Msimu mzima ukapotea. Mama Zawadi, aliyekuwa rafiki yake mkubwa, alikuja na fungu la majani yale akalibwaga mlangoni kwetu: "Mama Mbegu, chukua mboga zako!"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mkwe na mtoto wangu. Nilimsikia akijibu kwa sauti ya chini: "Nisameheni jamani. Nadhani niliikausha kupita kiasi. Mkamwana wangu aliileta nzuri, mimi ndiye niliyeiua." Alinikinga mimi! Nami nikajifanya nambembeleza mtoto.

Tangu siku hiyo hakuna aliyechukua tena mbegu kwake. Watu wakaanza kununua za makopo dukani. Chupa zake akazitia mafuta ya taa, na jina la Mama Mbegu likawa la kuchekea kilabuni. Mimi niliving'oa vile vitunguu nikavitupa chooni, lakini kimoja kilinipita. Kila masika kinachanua palepale kando ya bafu. Mama mkwe siku hizi haoni vizuri, ila hukipelekea maji kwa kopo, hukipapasa majani, na kusema hicho ndicho kilichobaki cha mbegu yangu aliyoiharibu.

Wiki iliyopita alinishika mkono. "Mwanangu, nimezeeka. Niitie wale wenzangu waliobaki, Jumapili baada ya ibada, niwaombe radhi kabla sijaondoka. Lakini naanza na wewe. Ulileta kitu kizuri nikakiharibu. Umenisamehe?"

Ndugu zangu, nilimjibu: "Nimekusamehe, mama." Akalia kwa furaha, nami nikaenda kujifungia jikoni.

Mume wangu nimemweleza yote. Amenikataza: "Nyamaza. Unataka kumuua mama kwa presha?" Najua anampenda mama yake, lakini mimi kunyamaza nimeshanyamaza vya kutosha, na matunda yake nimeyaona. Wanawake wanne wamekubali kuja, Mama Zawadi akiwemo.

Nitukaneni tu, nastahili, ila mkimaliza mniambie: nimwambie yeye peke yake kabla hawajafika, au niseme mbele yao wote, wale waliomcheka? Maana leo asubuhi ameniomba Jumapili nimchumie lile ua, alishike mkononi wakati anaomba radhi. Anataka waone kwamba mbegu yangu ilikuwa nzuri.