Klachi Iliyogoma Siku ya Kuposa Kawempe

Enzi zetu sisi watoto wa kota za polisi hapa Kampala, gari lilikuwa na pedali tatu, na dereva alihitaji miguu yote miwili na akili kidogo. Siku hizi mwanangu anaendesha otomatiki, mguu wa kushoto umelala usingizi, mkono mmoja uko kwenye simu, halafu naye eti ni dereva! Nikimtajia klachi ananitazama kama ninayesimulia vita vya mkoloni. Basi wenzangu mliokula vumbi la kota, ninyi mtanielewa.

Kota yetu ilikuwa chini ya kilima cha Kibuli. Adhana ilituamsha, tukanywa uji wa wimbi, tukaenda shule pekupeku, na jioni sisi wasichana tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mpira wa matambara ufumuke. Baba alikuwa Mwacholi, dereva wa polisi. Mama alikuwa Muganda wa Masaka. Ndani ya nyumba Kiswahili ndicho kilichowapatanisha, isipokuwa mama akighadhibika. Hapo Luganda kilitoka chenyewe.

Mwaka huo baba mdogo Okello, mdogo wake baba, alipata mchumba, Nakato wa Kawempe. Ikapangwa siku ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ambapo muoaji anakwenda kujitambulisha kwa wakwe. Shangazi wa Nakato alituma neno kali: geti litafungwa saa nane kamili. Mkichelewa, rudini kwenu, kuna mposaji mwingine, mfanyabiashara, anasubiri. Baba mdogo hakulala siku tatu.

Asubuhi ya siku yenyewe mama aliamua kwamba gari la baba, kuukuu lile, halitamwaibisha mbele ya Waganda wenzake. Alilisugua, akatandika gunia, juu ya gunia akaweka kipande cha zulia, na juu ya zulia mkeka mpya uliokunjwa mara mbili. Upande wa dereva mimi ndiye niliyemsaidia kuusukumiza chini ya pedali. Kisha akaingia ndani kuvaa gomesi lake, vazi la heshima la Waganda, na mnajua gomesi halivaliwi kwa dakika tano.

Saa sita baba akawasha gari, akakanyaga klachi, akatia gia. Krrrrr! Akarudia. Krrrrr! Kuku wa kota nzima walikimbia.

“Klachi haikati,” akasema baba, na uso ukambadilika.

Haikati maana yake unakanyaga lakini injini na gia hazitaki kuachana, basi gia haiingii ng’o. Baba akavua koti la suti, akafungua boneti. Mafuta ya klachi yamejaa. Bomba halivuji. Akaitwa Papa Bahati, fundi Mkongo wa jirani, naye akalala chali chini ya gari.

“Afande, kanyaga!” Baba akakanyaga. “Mkono wa klachi unasogea, lakini haufiki. Unakanyaga mpaka mwisho?”

“Mpaka mwisho kabisa! Unanifundisha mimi kuendesha?”

“Basi ni ile mvua ya juma lote. Sahani ya klachi imeshikana kwa kutu. Njo vile,” akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, yaani ndivyo ilivyo. “Tushushe giaboksi.”

“Itachukua muda gani?”

“Siku mbili, Afande.”

Baba mdogo alikaa kitako kwenye ngazi, na kanzu yake nyeupe ya kuazima, akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimeiona ile pedali inavyogota kwenye mkeka. Nikamvuta baba shati. “Baba, huo mke…”

Shangazi Akello, dada yake baba, akanikata. “Wakubwa wakizungumza mtoto anafunga domo!” Huyo shangazi alikuwa amempakata jogoo wa kumpa kaka wa bibi harusi, na alikuwa na mdomo mkali kuliko jogoo. Hata mama alimwogopa. Nikafunga domo.

“Pandeni wote,” akasema baba. “Dereva wa serikali hashindwi na klachi.”

Akazima injini, akatia gia ya kwanza, akazungusha ufunguo. Gari likaruka kama chura, likaondoka. Gia nyingine alizibadilisha kwa kusikiliza mlio wa injini tu, ila ole wetu tukisimama! Pale kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa tulizunguka mara tatu tukingoja nafasi ya kutokea. Trafiki alipotupungia tusimame, baba alimpigia saluti akapita. Mama alisema “Banange!”, yaani jamani, tangu Kibuli mpaka Bwaise. Jogoo alimtoroka shangazi, akamkalia baba mdogo kichwani, na baba mdogo, maskini, hakujali; macho yake yalikuwa kwenye saa.

Tulipofika Kawempe geti lilikuwa linafungwa. Baba akazima injini, gari likateleza, pua ikaingia katikati ya geti, likasimama. Shangazi wa Nakato akamtazama baba mdogo, unyoya wa jogoo umemganda nyweleni, akaangua kicheko. “Hawa wana haraka na mtoto wetu! Waingizeni.”

Watu walipokuwa wakishuka, mama aliinama upande wa dereva, akauchomoa mkeka, akaibonyeza pedali kwa mkono. Ikazama yote. Akanigeukia. “Mwanangu, hili tutakufa nalo.” Akajitwika mkeka kichwani, akaingia nao kama zawadi.

Klachi ikapona. Baba alisema joto limeibandua kutu, na kota nzima ikampa jina, Afande Bila Klachi. Kila Krismasi alisimulia safari ile, na mama alimwongezea malakwang, ile mboga ya Kiacholi, kwenye sahani.

Mama alitutoka mwaka jana. Baada ya matanga niliona siri ile imenilemea, nikamwambia baba.

“Mkeka?” akasema. “Niliujua tulipofika Wandegeya. Kiatu kilinasa.”

“Mbona hukusema?”

“Dada yangu alikuwa nyuma. Angemsema mama yako mpaka kaburini.” Akanigeukia. “Na mama yako, alijua?”

“Alijua.”

Alicheka mzee wangu mpaka machozi yakamtoka. Nami nikapata nafasi ya kuwasema vijana wa leo: gari lao likiumwa kidogo linawasha taa na kupiga kelele, na wao wenyewe ndio hivyo hivyo, mume akikosea asubuhi, mchana dunia nzima imesoma kwenye simu. Nikasema, “Hawajui kusitiriana kama enzi zenu, baba.”

Baba akafuta macho. “Wao angalau wanaambiana,” akasema. “Mimi na mama yako tungeambiana, tungecheka pamoja, miaka yote ile.”