Taya la Fundi wa Keria

Tangu utotoni meno ya mbele ya Selestini hayakuwahi kukutana. Taya la chini lilitangulia mbele, lile la juu likabaki nyuma. Ndoto zake zote zilikuwa za kung'ata: mapera, miwa, mahindi ya kuchoma. Usiku mmoja aliota ameng'ata kipande cha ukungu wa Mbeya, akakiona kitamu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea pale Iyunga, bingwa wa keria, vile vyuma vya kubebea mizigo nyuma ya bodaboda. Alipokubali kupasuliwa, akiwa na miaka arobaini na moja, Daktari Mercy hakupata shida kumweleza. Taya litakatwa, lirudishwe nyuma, lishikwe kwa vibati vidogo na skrubu.

"Ukitafuna, mfupa unataka kufunguka juu, chini unajibana. Kwa hiyo kibati nakiweka juu."

"Kama keria," Selestini akasema. "Mzigo ukining'inia nyuma, ufa unaanzia juu. Kiraka cha chini ni urembo tu, daktari."

Wakaelewana kama mafundi wa karakana moja. Akapasuliwa, na sharti likawa wiki sita za uji na supu, bila kutafuna.

Sasa, fundi huyu hakuwahi kukabidhi keria bila kuikalia kwanza na kuidundisha. Wiki ya tatu alikuwa mlangoni, uji umempoa mkononi, mawingu yanashuka mlimani polepole, naye hajui kama yuko macho au anaota. Mkewe Roza akatoa hindi motoni. Selestini akaona si vibaya kuijaribu kazi ya fundi mwenzake. Akalichukua, akang'ata.

Maumivu yakampanda mpaka sikioni.

"Wewe baba, una kichaa?" Roza akapiga kelele, tayari anatafuta viatu vya kwendea hospitali.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kibati kimepinda kidogo. Daktari akamfunga mipira midogo kwenye meno ili yasihame.

"Baba, chuma hakiponi," akamwambia. "Kila ukikitafunia kinachoka. Kinashikilia tu mpaka mfupa uungane wenyewe. Kikikatika, tunapasua upya."

Selestini aliona aibu sana. Wiki nane zilizofuata akanywa uji kwa adabu, akaogopa hata kupiga miayo.

Siku ya mwisho daktari akampitishia ukanda wa karatasi kati ya meno ya mbele.

"Ng'ata."

Akang'ata. Daktari akavuta, karatasi haikutoka. Akavuta tena.

"Haya, achia sasa, baba."

Selestini akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, na karatasi hakuiachia.