Barafu ya Homa Bay

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye foleni penye kaunta ya leseni za udereva Homa Bay, mtahini alifungua kitabu tulichoachiwa na Wazungu, akamuuliza bwana mmoja wa makamo: "Barabara ikiwa na barafu, utaendeshaje?"

Yule bwana alikuna kidevu. "Barafu naijua ya kulazia samaki, bwana mkubwa. Niulize matope. Nimekuwa utingo wa lori njia ya Mbita, matope nayajua."

"Matope hayamo kitabuni."

Akaangushwa. Aliyemfuata alikuwa amekariri barafu neno kwa neno, akapewa leseni.

Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipopanda basi la Migori, nilimkuta huyo aliyekariri ameshika usukani. Uhuru tumepata, ndugu zangu. Mimi nilikaa karibu na mlango.