Kibao cha Gari la Beryl

Siku moja kabla ya maonyesho ya magari ya zamani pale mjini Ludlow, Wilfred Tranter alikaa jikoni kuandika kibao cha maelezo ya gari aina ya Morisi la mkewe, Beryl, aliyefariki majira ya baridi. Aliandika yaliyobadilishwa: rangi, matairi, ngozi ya viti. Chini akaongeza: "Kisichobadilishwa: kiti cha dereva."

"We mzee, si umesema ngozi ni mpya?" akauliza jirani yake, Clive.

"Ngozi ndiyo. Ila pale kilipo sijakisogeza."

Beryl alikuwa mfupi. Wilfred ni pandikizi la mtu, na kila akiliendesha gari hilo magoti yake hugonga usukani.

"Kirudishe nyuma, bwana. Magoti yamekuvilia damu."

Wilfred akapuliza wino ukauke.

"Nikikirudisha, Beryl ataifikiaje breki?"